Mkwaruzo wa Bati la Kumi na Saba

Sindano ilikuwa imeshagusa rangi niliposikia kicheko. Nilikijua kicheko kile tangu kikiwa na meno ya utoto. Kilitoka verandani, ambako wenzangu wote walikuwa wameketi na vikombe vyao, wakinywa kahawa niliyoipika mimi, na kwa namna walivyokuwa wakipokezana kucheka nikatambua hata kinachochekwa: kisa cha Evelio na yule mbuzi aliyekula daftari la vipimo. Kisa changu. Mimi ndiye niliyemwona mbuzi kwa macho yangu, mimi ndiye niliyekisimulia miaka nenda miaka rudi kila mgeni alipofika, nikijua pa kunyamaza na pa kumwiga mbuzi akitafuna. Sasa kilikuwa kinasimuliwa na Idalmis, ambaye mwaka ule wa mbuzi alikuwa bado anavaa sare za shule. Na alikuwa anakisimulia vizuri kuliko mimi.

Nikalitazama bati lililokuwa mbele yangu. Namba kumi na saba. Kijani chake kilikuwa kimekolea kama jani la muhogo baada ya mvua.

Nikaiweka sindano kando, nikafungua droo.

*

Kituo chetu kilikuwa juu ya mawe, mashariki ya Havana, pahali ambapo upepo wa kaskazini ukivuma hata sukari kwenye kopo hugeuka chumvi. Watu wengine hulipwa kujenga. Sisi tulilipwa kungoja chuma kioze, na kuandika kimeoza vipi. Kando ya ukuta wa bahari palipangwa fremu za mbao, na juu ya fremu mabati madogo, kila moja ukubwa wa daftari la shule, yamepakwa rangi hii au ile, yamelala chali yakiitazama bahari kama wagonjwa wanaoota jua. Rangi iliyovumilia pale ilipelekwa kwenye meli, matangi na madaraja. Iliyoshindwa ilirudi jikoni, chumba tulichopikia rangi.

Lakini kabla bati halijatoka nje, lilipita kwangu kujeruhiwa.

Ndiyo kazi niliyoifanya pale miaka kumi na tisa. Rangi nzima haimfundishi mtu kitu. Meli hugongwa, nanga hukwaruza, watu huburuta masanduku. Kwa hiyo kila bati lilikatwa msalaba, mistari miwili ikikatana katikati, kina chake mpaka chuma kitupu kionekane, upana wake usizidi uzi wa kushonea. Halafu tukaona bahari inaingilia wapi. Kukata msalaba ule si kuchora. Ukitetemeka, kipimo kimeharibika. Ukirudia mara mbili, kimeharibika. Niliukata kwa pumzi moja. Na kwa kuwa mimi ni wa mkono wa kushoto, mstari wangu wa pili ulianzia chini kupanda juu, na pale juu ukaacha mkia mdogo uliojikunja, kama wa nguruwe. Wenzangu walinitania kwa mkia ule. Evelio, mkuu wetu, mzee wa miwani miwili aliyevaa mmoja na kuutafuta mwingine siku nzima, aliwaambia wageni: "Huyu Nereida ndiye mkono wangu. Siku akiugua, mimi ni kilema."

Maneno hayo niliyabeba nyumbani kila siku kama mkate.

Na nilikuwa na kingine cha kubeba. Miaka ile ya shida, meli zilipoacha kuleta rangi, mimi na Evelio tulikaa jikoni miezi minane tukisaga udongo mwekundu wa mashariki, tukiupika kwa utomvu wa misonobari, mpaka tukapata rangi ya kwanza ya kupaka chini, inayoshika chuma na kukaa. Kwenye karatasi ilikuwa na namba. Midomoni mwa watu ilikuwa Nyekundu ya Nereida. Ilisemwa kwamba kivuko cha *La Comadre*, kilichokuwa kimepandishwa juu ya magogo kule kwetu Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana, kwa matengenezo, kikishushwa tena majini kitakuwa kimevaa Nyekundu ya Nereida chini ya nyeupe yake. Kile ndicho kivuko chetu. Ndicho kilichombeba bibi yangu akiwa bibi harusi, na ndicho kilichobeba jeneza lake. Nilishawaambia Regla nzima. Kwenye foleni ya mkate nilisema, kwa msusi nilisema, na kwa Zoraida wa ghorofa ya chini, mwenye simu pekee mtaani petu, nilisema mara moja tu, maana Zoraida akishajua jambo, wengine wanapoteza muda.

Basi ndipo akaletwa Idalmis.

*

Mtoto wa mama yangu mdogo. Aliingia nyumbani kwa bibi akiwa na miaka minne, mkono mmoja umeshika mwanasesere asiye na kichwa, mimi nikiwa na kumi na mmoja. Bibi akasema, "Nere, huyu ni mdogo wako, mpishe kitandani." Nikampisha. Sijui kama niliwahi kurudi.

Nikiwa na miaka kumi na sita bibi alipooza upande, na mtu mmoja ilibidi aache shule akae naye. Hakuna aliyenilazimisha, nataka hilo lieleweke. Waliniangalia tu, wote kwa pamoja, na mimi nikasema nitakaa. Miaka sita baadaye, barua ikaja kwamba Idalmis amechaguliwa kwenda shule ya bweni ya sayansi, yeye peke yake Regla nzima. Asubuhi ya basi nilimsuka nywele. Nilimsuka mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kusuka, na nilivuta. Nilivuta kila unywele mpaka nyusi zake zikapanda na macho yake yakawa marefu. Yule mtoto hakulia. Alipanda basi, akachungulia dirishani, akaniambia, "Asante, Dada Nere."

Mwaka ule ule nikapata kazi kituoni. Yeye akaenda chuo, kisha ng'ambo, akarudi na jina la daktari mbele ya lile jina ambalo mimi niliwahi kuliosha makalio. Asubuhi aliyoanza kazi kwetu nilimwona akiingia na sanduku la karatasi lenye mtungi wa unga wa kijani, na watu wakasimama. Mimi nilipoanza kazi hakusimama mtu.

"Shoga," akaniambia Zoraida siku ile ile, habari zimeshamfika kabla yangu, "nasikia wamekuletea mke mwenza maabarani."

"Ni mdogo wangu, Zoraida."

"Ndiyo hao hao. Wa mbali hawajui funguo zinakaa wapi."

*

Ule unga ulikuwa plastiki inayopitisha umeme. Nami nilicheka kama wewe. Plastiki, tunavyoijua, ndiyo inayovishwa waya ili umeme usikurushe. Idalmis hakubishana na mtu. Alichukua kipande cha kioo, akakipaka unga wake uliokorogwa, akaungoja ukauke. Akachukua betri ya tochi, taa ndogo na waya mbili, akagusisha waya kwenye rangi. Taa ikawaka. Ilikuwa hafifu, lakini iliwaka, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo ndiyo ilikuwa taa pekee jengo zima. Watu wakapiga makofi kama kwenye harusi.

"Kutu ni wizi," akawaambia, amekaa juu ya meza yangu miguu ikining'inia. "Chumvi na hewa vinakinyang'anya chuma kilicho chake, kidogo kidogo. Polima hii inapitisha umeme, kwa hiyo inaongea na chuma. Inakilazimisha kijifunge ngozi nyembamba, chenyewe, ngozi ambayo chumvi haiipendi. Hata ukikikwaruza."

"Na rangi yangu?" nikauliza. Sikupanga kuuliza. "Yenyewe inafanya nini? Imekaa tu?"

Watu wakageuka. Idalmis akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Rangi yako ni ukuta, dada. Ukuta mzuri sana. Lakini ukuta ukitobolewa, mwizi ameshaingia. Hii ni mlinzi. Hata ukutani pakiwa na tundu, yeye yuko macho."

"Mlinzi gani ananuka samaki waliochacha?" nikasema, maana kweli ile dawa aliyoipikia unga wake ilinuka hivyo. Wakacheka. Nikadhani nimeshinda. Lakini Evelio hakucheka; alikuwa amevaa miwani yote miwili kwa pamoja, ameinama juu ya taa ile ndogo, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwahi kumwashia mimi.

Kuanzia pale ikawa Idalmis hivi, Idalmis vile. Mlango wa Evelio, ambao nilikuwa nikiusukuma kwa goti huku nimeshika vikombe viwili, nikaukuta umefungwa, na ndani sauti mbili. Kwenye meza ya domino wakamfundisha, wiki ya pili akawafunga. Mama mpishi akaanza kumwekea ule ukoko wa wali, wa chini kabisa ya sufuria, uliokuwa wangu bila kuandikwa popote. Mambo madogo, utasema. Nenda kaulize bati lolote kutu huanzia wapi.

Ikaamuliwa rangi zishindanishwe. Mabati sita ya nyekundu yangu, mabati sita ya kijani chake, miezi kumi ukutani, msimu mzima wa pepo za kaskazini ndani yake. Rangi itakayoshinda ndiyo itakayovaliwa na *La Comadre*. Na Evelio alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata alipobembelezwa na wakubwa: rangi huhukumiwa kwa bati lake baya kuliko yote. Meli, alikuwa akisema, haizami kwa wastani. Bati moja likioza, kundi zima limeoza.

*

Kwa hiyo unajua sasa nilichokitafuta kwenye droo.

Ilikuwa tupa ya marehemu baba, aliyekuwa fundi wa boti, ncha yake imenolewa ikawa kama jino. Ilikuwa ya kukwangulia lami. Nikaishika kwa mkono wa kushoto. Kule verandani Idalmis alikuwa amefika pale ambapo mbuzi anageuka kumtazama Evelio, na akanyamaza, akanyamaza pale pale pa kunyamazia, sekunde ile ile, na mimi nikakata.

Sikukata kwa pumzi moja. Nilipita mara ya kwanza, nikapita ya pili, nikarudi ya tatu kwa kutafuna, mpaka msalaba ukawa mtaro ambao ungeweza kulaza punje ya mchele ndani yake. Kijani kikatoka kwa maganda. Chuma kikabaki kitupu, cheupe, kinang'aa kwa aibu. Miaka kumi na tisa sikuwahi kuona rangi iliyovumilia jeraha lile. Miezi miwili, nikajiambia. Miezi miwili kitakuwa chekundu mpaka kwenye pembe.

Na mkaguzi wa mikwaruzo yote alikuwa mimi. Nikachukua daftari, nikaandika kwa namba kumi na saba: *Upana wa kawaida. N.*

Halafu nikatoka verandani nikamwambia mdogo wangu, "Umemsahau mbuzi alivyopiga chafya mwishoni."

"Hakupiga chafya!" akasema Evelio.

"Alipiga," nikasema. "Mimi nilikuwepo."

*

Miezi ile kumi nilikuwa mtu wa kuhurumiwa, kama ningekuwa na wa kumwambia. Fremu ya kijani ilikuwa ya mwisho kabisa, kwenye mawe ambako wimbi la kaskazini hupanda likamwagika juu, na iliangaliwa na Idalmis mwenyewe, kama ilivyokuwa kanuni: mwenye rangi ndiye anayeitunza, wengine hawasogei mpaka siku ya kusoma. Kwa hiyo sikuona. Nilimwona tu yeye akirudi kutoka kule, viatu mkononi, nywele zimejaa chumvi, na kila mara nilitafuta usoni mwake dalili. Uso ule haukunipa kitu. Nilikuwa nikiamka nikiwa na hamu, na hamu yenyewe ilikuwa ya kumwona ameinamisha kichwa. Nikawaza nitakavyomfariji. Nilishachagua hata maneno: *Usijali mdogo wangu, hata sisi tulianza hivyo.* Nilikuwa nimeyanyoosha na kuyakunja kama shuka la mgeni.

Nyekundu zangu niliziona kila wiki. Mwezi wa sita wa shindano, kando ya msalaba wa bati la tatu, rangi ikaanza kuvimba. Lengelenge dogo. Nikaligusa kwa ukucha, likapasuka, na chini yake palikuwa na unga wa rangi ya chungwa. Nikaosha kidole haraka, kama niliyeiba.

Siku ya kusoma ilikuwa ya Machi, jua kali, hakuna upepo. Mabati kumi na mawili yakalazwa juu ya meza ndefu. Evelio na lenzi yake, Idalmis na kalamu, mimi na daftari, wengine wamesimama nyuma wakitafuna karanga. Zangu zikasomwa kwanza. Matatu yalikuwa na malengelenge. Evelio aliniwekea mkono begani, na ningependa kusema kwamba uliniliwaza.

Kumi na tatu, safi. Kumi na nne, safi. Kumi na tano, kumi na sita. Mikwaruzo yangu ya uzi, myembamba, imekaa kimya.

Kisha akaichukua kumi na saba, akaisogeza karibu na lenzi.

"Hii ni nini? Nani amekata kwa shoka?"

Nikaangalia. Msalaba ulikuwa mpana vile vile nilivyouacha, mtaro mzima mpaka kwenye mkia uliojikunja. Na ndani yake hapakuwa na nyekundu. Hapakuwa na chungwa. Chuma kilikuwa kimejifunika kitu cha kijivu, chororo, kizito kidogo, kama ngozi mpya inayoota chini ya kidonda. Miezi kumi ya bahari. Kijivu.

"Nereida," akasema Evelio. Hajawahi kuniita kwa sauti ile. "Daftari limeandikwa *upana wa kawaida*. Na hii N ni yako."

Karanga zikaacha kutafunwa. Mtu aliyeandika uongo kwenye daftari lile hakubaki kituoni. Nilishaona wawili wakifungasha vikombe vyao, na mmoja niliimba kwenye harusi yake. Nilifungua mdomo.

"Nilimwomba mimi," akasema Idalmis.

Alisema bila kuinua kichwa, kalamu bado inaandika.

"Ulimwomba nini?"

"Akate moja kwa nguvu zote. Nilitaka kujua mwisho wake uko wapi. Ilitakiwa niandike mwenyewe pembeni, nikasahau. Kosa langu, Daktari, siyo lake."

Evelio akamtazama yeye, akanitazama mimi, akalitazama bati. Alikuwa mzee, si mjinga. Lakini lile bati lilikuwa linamvuta kama mtoto anavyomvuta babu mkono. Akarudi kwenye lenzi, na taratibu uso wake ukawaka ule mwanga.

"Manne yale yangenishawishi nusu," akanong'ona. "Hili... jeraha kama hili, jamani. Hili linamaliza maneno." Akamshika Idalmis kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji. Watu wakapiga kelele. Mtu akakimbia kutafuta rumu.

Na mimi ndiye niliyempa. Mikwaruzo ingekuwa yote myembamba, wangesema subirini mwaka mwingine. Mkono wangu mwenyewe ndio uliomkatia njia.

*

Alinikuta kwenye karo, naosha mabati yangu yaliyoshindwa kana kwamba yangetumika tena. Akachukua moja, akaanza kufuta.

"Ule mkia," akasema. "Kituo kizima nani mwingine anakata kutoka chini?"

Nikafunga bomba.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza nilipolipanga kwenye fremu."

Miezi kumi. Miezi kumi alikwenda na viatu mkononi kuangalia kama kisu changu kitafanya kazi, akarudi, akala na mimi, akaniambia usiku mwema.

"Ungelitoa," nikasema. "Bati lililokatwa vibaya linatolewa. Hiyo ni haki yako."

"Ningelitoa, ungefukuzwa."

"Na kama lingeoza?"

Akafikiri kweli kweli, kama alivyokuwa akifikiri hesabu kwenye meza ya bibi. "Ningekuwa nimekosea kuhusu rangi," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Dada, unakumbuka ulivyonisuka siku ya basi? Nilishindwa kufumba macho mpaka tunafika. Wasichana wengine, siku tatu, vichwa vimefumuka. Zangu zilikaa wiki tatu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nilimpa kitambaa kikavu, nikasema, "Futa na pembeni, usiache maji."

*

*La Comadre* ilishuka majini Septemba, siku moja kabla ya sikukuu ya Bikira wetu, nyeupe juu, kijani chini ya nyeupe mahali ambapo macho hayafiki. Regla nzima ilikuwa gatini. Zoraida akanibana ubavuni.

"Shoga, si ulisema itavaa nyekundu?"

"Nimebadili mawazo."

"Wewe, au mke mwenza?"

Idalmis akanivuta kabla sijajibu, tukapanda, tukapita hadi nyuma ya sanduku la majaketi ya kuokolea watu, pahali ambapo siku nyingine mpakaji rangi hatakumbuka kupitisha brashi. Akatoa mfukoni tupa ya baba. Sijui aliitoa lini kwenye droo yangu.

"Kata," akasema. "Kama ile."

"Una wazimu. Kivuko kizima kipya."

"Ndiyo maana. Mtu lazima aangalie. Na mimi nitakuwa mbali."

Ndivyo nilivyopata habari kwamba ameitwa Brazil, chuo kikubwa, kwa ajili ya bati langu. Nikakata. Mara tatu, kwa kutafuna, na mkia juu.

Aliondoka Oktoba. Tangu hapo alipiga simu Jumapili moja kila mwezi, kwa Zoraida, saa za mchana, chumba kimejaa: wanaomenya ndizi, wanaocheza domino, wanaosukwa, wote kimya ghafla ili wasikie. Aliuliza wazee, akauliza mvua, akauliza nani kaolewa na nani kaachwa, na nilimpa yote kwa ukamilifu. Mwishoni aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu: "Na mkwaruzo?"

"Bado."

"Kijivu?"

"Kijivu."

Maana nilikwenda kuangalia. Kila Jumamosi nilivuka na *La Comadre* kwenda na kurudi bila kuwa na safari, nikainama nyuma ya sanduku kama niliyeangusha hereni. Manahodha wakanizoea. Na nisikudanganye kwa nini nilikwenda. Nilikwenda nikitumaini. Kila Jumamosi, kwa miaka saba, nilipokuwa nikipiga magoti, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinajilamba midomo. Nikakuta kijivu. Nikainuka, nikanunua karanga, nikarudi nyumbani na wivu wangu mzima, haujakwaruzwa.

Novemba ya mwaka wa nane, upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma wiki nzima. Nilipiga magoti. Kwenye mkia, pale unapojikunja, palikuwa na nukta. Ndogo kama ufuta. Ya rangi ya chungwa.

Nilikaa pale mpaka kivuko kikafika ng'ambo, watu wakashuka, wengine wakapanda, kikageuka. Nilikuwa naingoja furaha. Niliipa muda, nikaipisha njia kama unavyompisha mgeni mzito ngazini. Kisha nikalamba kidole gumba, nikaifuta ile nukta. Haikutoka yote.

Kesho yake simu ililia. Chumba kilikuwa kimejaa, mtu anakaanga ndizi, Zoraida anampigia kelele mtu ahame kwenye kiti changu. Nikampa habari za wazee, za mvua, za mwanamke wa kona ambaye mumewe amerudi na ndevu. Idalmis akacheka kile kicheko. Halafu akauliza.

Nilitazama kidole changu kilichoshika simu. Kwenye mistari yake bado palikuwa na rangi ya chungwa kidogo.

"Bado," nikamwambia. "Kijivu."